Kupeleka Udongo Tolliver

Wapendwa wangu wa Woodbridge, mmenichosha. Tangu nirudi, kila mtu ananishika mkono baada ya ibada: "Mwikali, hebu tuambie, mlienda kufanya nini huko jangwani?" Nikianza kueleza, mtoto analia, au chakula kinaletwa, au mtu anadakia kwamba amesikia tulipotea tukaokolewa na helikopta. Hatukuokolewa na helikopta. Nimekaa mezani na daftari na birika la chai niyaandike yote mara moja, msome, kisha mniache nile pilau yangu kwa amani. Habari za tiketi na za kukodi gari sitazigusa. Hizo muulizeni Mama Béa, ndiye aliyezishughulikia, na bado ana hasira nazo. Na Wamarekani wote humu ndani nimewasemesha Kiswahili, mtanisamehe.

Arlington

Kazi yangu mnaijua. Huu ni mwaka wa tatu namtunza bibi mmoja wa Arlington, ghorofa ya sita, jina lake Edna. Mimi humwita Susu, kama tunavyowaita bibi zetu Ukambani, naye amelipenda jina hilo hata daktari akimwita kwa lile jingine haitiki upesi. Ana miaka themanini na tisa. Miguu imekataa, macho yanaona nusu, lakini mdomo uko sawa kabisa.

Susu alizaliwa Tolliver, mji uliokuwa na machimbo ya madini ya fedha katika jangwa la Nevada. Madini yalipokwisha watu wakahama, na wazazi wake wakamchukua wakaja huku mashariki akiwa na miaka minane. Lakini kabla ya hapo alikuwa na mdogo wake, msichana aliyeitwa Opal. Homa iliingia nyumbani ikawashika wote wawili. Edna alipona. Opal akafa akiwa na miaka minne.

"Baba alichonga ubao wa kaburi mwenyewe," Susu huniambia, na kila mara akifika hapo hucheka. "Juu ya jina akaweka mwanakondoo. Alifanana na mbwa! Baba alikuwa mchimbaji, hakuwa seremala. Mama akamwambia aache tu, Mungu atajua ni kondoo."

Shida ni kwamba hakuna aliyemwamini. Hakuna picha ya mtoto, hakuna cheti, na Biblia iliyoandikwa majina ya familia iliungua moto. Mwanawe wa pekee, Walter, ni mstaafu wa ofisi za serikali, mtu mpole lakini mkavu. Siku moja aliniita jikoni akafunga mlango. "Mama yangu alikuwa mtoto wa pekee," akasema. "Nilipokuwa mdogo nilimwuliza bibi mwenyewe, mama yake, akanijibu hakuna mtoto kama huyo. Tafadhali usimchochee." Nikasema sawa, kwa sababu kazi ni yake. Moyoni nilikuwa nikimfikiria huyo bibi. Nimeona kwetu mama aliyezika mtoto akishindwa kulitaja jina lake mpaka anaingia kaburini.

Mimi ndiye niliyeharibu mambo. Siku moja namsugua Susu mgongo nikamwuliza, kwa mazoea tu, "Na udongo ulimtupia?"

"Udongo gani?"

Nikamweleza kwamba kwetu, jeneza likishateremshwa, kila wa damu huchukua konzi ya udongo akaitupa, ndiyo kuaga. Usipotupa, unabaki kama mtu aliyeondoka mahali bila kusema kwaheri. Susu akaniambia kwamba siku ya maziko alikuwa kitandani na homa ileile. Alisikia watu wakitoka, akasikia wakirudi, basi.

Nilijuta kuuliza, maana hapo alinigusa na mimi. Mama yangu alizikwa Kitui mimi nikiwa papo hapo Arlington nikibadilisha mashuka, kwa kuwa makaratasi yangu wakati ule yangeniruhusu kutoka lakini si kurudi. Sikutupa udongo wowote. Mlinifanyia maombi kwenye sebule ya kina Nduku, na nawashukuru mpaka leo, lakini konzi ya udongo haitupwi kwenye zulia la mtu.

Kesho yake asubuhi nikamkuta Susu ameketi kando ya dirisha, kijiko mkononi, ameinamia chungu cha maua. Alikuwa amejaza kifuko cha plastiki, vile vya kufungia sandwichi. "Mimi siwezi kwenda," akasema. "Nenda ukanitupie. Nikifa, hakuna mwingine duniani anayejua kwamba aliwahi kuwako." Nilikuwa na likizo ya wiki moja. Jioni hiyo nikampigia Mama Béa simu.

Dulles

Kwa wasiomjua, Mama Béa ni yule Mkongo anayekuja Ijumaa kwenye maombi na kutuzidi wote kwa sauti. Kwao ni Likasi, Katanga. Hapa anafanya kazi mji wa Herndon, anaendesha gari dogo la hoteli, anabeba wageni kutoka uwanja wa ndege na kuwarudisha, kutwa nzima. Mimi kuendesha gari barabara kuu nalia machozi, na nilimweleza hivyo.

"Unasema mine, mugodi?" akaniuliza. "Dada, miye mutoto wa mine! Baba alitumika mu mine ya cuivre, shaba, miaka makumi tatu. Tutaenda. Hauwezi kwenda kule na muntu hajue mashimo."

Basi tukafungasha. Na hapa ndipo mnapocheka, najua, kwa hiyo chekeni mmalize. Ni nani kati yenu angekwenda kwao mgonjwa wake mikono mitupu? Susu alikuwa amesema labda wamebaki wachache. Nikachukua kiondo, kile kikapu changu kikubwa cha mkonge, nikatia sukari paketi mbili, majani ya chai yaliyotoka nyumbani, unga wa ugali, mafuta ya kupikia, sabuni ya kufulia na mkate. Mama Béa naye akasema ameleta mikate, nikamgombeza kwamba mkate tayari upo, kumbe kwao mikate ni yale maandazi ya mviringo. Tuliyala yote kabla ya kupanda ndege.

Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege wa Dulles, kijana mmoja akatoa mfuko wa unga mweupe kwenye kiondo akautazama. Akatoa kifuko cha Susu akakitazama zaidi.

"Hii ni nini?"

"Unga wa mahindi."

"Na hii?"

"Udongo."

"Udongo wa wapi?"

"Wa Arlington."

"Unaupeleka wapi?"

"Jangwani."

Akanitazama kwa huruma kabisa. "Mama," akasema, "kule upo."

Mama Béa alicheka mpaka akashika meza, jambo ambalo halikutusaidia. Akaitwa mkubwa wake, mwanamke mnene mwenye miwani. Nikamwambia ukweli, kwamba ni wa kaburi, bibi amemtumia mdogo wake. Alikichukua kile kifuko, akapitisha vidole juu ya kizibo chake mara mbili kuhakikisha kimeshika, akakirudisha kwenye kiondo chini ya mkate ili kisipasuke. Sikujua hata jina lake, na kila nikimkumbuka namwombea.

Ndege ilikuwa na hitilafu. Tukakaa, tukaambiwa nusu saa, tukakaa, tukaambiwa nusu saa nyingine, mpaka jua likahama kutoka dirisha moja hadi jingine. Kwa hiyo Las Vegas tulifika jioni badala ya asubuhi, na taa zake zote mlizoniuliza sikuziona vizuri, maana Mama Béa alikuwa akitafuta barabara na mimi nimeshika ramani juu chini. Tukalala moteli ya kwanza tuliyoikuta nje ya mji.

Mkahawa wa njiani

Mimi nimekulia Kitui. Nilidhani ukavu naujua. Lakini Kitui, hata mwaka mbaya kabisa, ukitazama vizuri utaona mbuzi. Tulienda asubuhi nzima bila kuona mbuzi, wala mtu, wala moshi wa jiko. Milima mitupu ya rangi ya kutu upande huu, tambarare nyeupe upande ule, na vichaka vidogo vya kijivu vimekaa mbalimbali kana kwamba vimegombana. Mama Béa aliacha kuimba. Mimi nikaanza kuhesabu chupa zetu za maji.

Mwishowe tukakuta mkahawa na kituo cha mafuta. Nikaagiza chai, nikaletewa gilasi ya barafu. Nikasema chai ya moto, nikaletewa kikombe cha maji moto na kijipaketi pembeni, bila maziwa. Mhudumu, mama wa makamo mwenye nywele nyekundu, aliona uso wangu akarudi na maziwa kwenye jagi zima. Kisha akauliza tunakoenda.

"Tolliver? Hakuna mtu kule, mpenzi."

Tukatazamana na Mama Béa. Nyie mnajua watu wa Nairobi wanavyosema kuhusu kwetu. "Huko Kitui ndani hakuna mtu." Na sisi tumejaa tele huko ndani, tunapika, tunazaa, tunagombania mipaka.

"Hata kwetu banasemaka vile vile," Mama Béa akaninong'oneza. "Muntu wa ville anaona pori, anasema hakuna bantu."

Tukamshukuru yule mama. Na badala ya kumsikia, tukanunua mikate miwili zaidi na kitunguu mfuko mzima, tusije tukawapungukia wenyeji.

Tairi

Lami ikaisha, tukaingia barabara ya kokoto iliyotutetemesha mpaka meno. Haikupita muda mrefu tukasikia mlio. Tairi la nyuma lilikuwa limelala kabisa.

Tairi la akiba lilikuwepo, na jeki. Nati ndizo zilizokataa. Mama Béa alisimama juu ya spana kwa uzito wake wote, na si mdogo, nati haikusogea. Tukakaa kwenye kivuli cha gari, kivuli chenyewe upana wa mkeka wa mtoto. Kusema kweli niliogopa. Niliwaza nitakavyokufa hapa na udongo wa mtu mwingine mapajani, na Walter akiambiwa atasema, si nilimwonya.

Tukaona vumbi kwa mbali, likakua likawa lori dogo. Mwanamume aliyeshuka alikuwa na kofia na ukimya wa mtu asiyekutana na watu mara nyingi. Akatia bomba la chuma kwenye mpini wa spana, nati zikalegea moja baada ya nyingine. Alipomaliza akauliza tunaenda kwa nani. Nikasema kwa Opal.

"Anaishi kule?"

"Aliishi."

Akatikisa kichwa polepole. Akatupakulia madumu mawili ya maji kutoka kwenye lori lake, akakataa chochote isipokuwa chapati zetu mbili za njiani, zilizokunjwa kwenye karatasi ya bati. "Gari likikwama tena," akasema, "msiliache. Hata muone nini, msiliache gari." Akaondoka akitafuna.

Tolliver

Basi tulifika, na hakukuwa na mtu.

Sijui niwaelezeje. Tolliver ni mahame. Barabara moja pana, na pande zote mbili nyumba za mbao zilizogeuka rangi ya majivu, nyingine zimelala ubavu, nyingine zimebaki ukuta mmoja wenye dirisha linaloonyesha mbingu. Upepo ulikuwa ukigonga bati mahali fulani, ukiacha, ukigonga tena. Nilishuka na kiondo changu kimejaa, nikasimama mbele ya nyumba ya kwanza, na kabla sijafikiri mdomo ukasema wenyewe, "Hodi!"

Nikangoja. Mama Béa akanitazama, nikadhani atanicheka. Hakucheka. Akaenda mlango wa pili, ambao haukuwa na mlango, akaita kama wanavyoita kwao, "Kokoko!" Tulienda hivyo mpaka mwisho wa barabara, mimi hodi, yeye kokoko. Nilijiona mjinga, lakini kupita nyumba za watu bila kubisha niliona vibaya zaidi. Mwishowe nikarudisha kiondo garini.

Mama Béa ndiye aliyejua kuusoma ule mji. Mahali nilipoona kilima, yeye aliona mawe yaliyotolewa chini ya ardhi yakatupwa. "Usikaribie kule," akanivuta mkono. "Chini kuko tupu. Hapa njo bafanya kazi banashuka. Na pale, bibi zabo banangojea kuona kama banapanda bote." Kwao bibi ni mke. Akakaa juu ya jiwe. "Kwetu nayo inaanza kuwa hivi, dada. Ba-usine, viwanda, banafunga. Nilikuya kuona mine ya bazungu, kumbe niko naona Likasi." Nilikaa naye.

Makaburi yalikuwa nyuma ya msingi wa kanisa, palepale Susu alipotuelekeza, ndani ya uzio wa mabomba yaliyoota kutu. Marundo ya mawe yalikuwa mengi kuliko nilivyotarajia, mengine marefu ya watu wazima, mengine mafupi. Ubao hata mmoja haukuwepo. Kwenye baadhi ya marundo kulikuwa na kipande cha chuma kilichopigwa ardhini, kina namba, basi. Tulizunguka yote. Nikapiga magoti kwenye yale mafupi moja moja, nikafukua mchanga kwa vidole, labda ubao umeanguka ukafukiwa.

Hakuna. Nilikaa chini nikalia kwa sauti, bila haya. Ningemtupia nani? Ningerudi Arlington niseme nini? Kwamba nimeona marundo, chagua moja? Na Walter angekuwa amekwisha kuwa sahihi milele.

Ndipo mbwa akabweka.

Nyumba ya Dell

Nyuma ya kilima cha mawe, mahali pasipoonekana kutoka barabarani, palikuwa na nyumba ya bati yenye magurudumu, na mbele yake mzee mwembamba mwenye ndevu, mkono kwenye shingo ya mbwa. Tulipomwona tulikimbilia gari. Si kukimbia! Kuchukua kiondo.

Tukamwendea tumekibeba wawili, huku na huku. Alitungoja hana tabasamu.

"Mnauza nini?"

"Hatuuzi. Tumekuja kuwatembelea."

"Na hicho?"

"Sukari," nikasema. "Chai, unga, mikate, vitunguu. Ni vya mwenye mji."

"Mwenye mji ni nani?"

Nikatazama huku na huku. "Nadhani ni wewe."

Aliitwa Dell. Aliwekwa hapo na mwenye ardhi kulinda majengo, alikuwa hapo mwaka wa kumi na moja. Nikamwuliza papo hapo kuhusu ubao wa Opal, akajibu kabla sijamaliza: "Mbao zote ziliibwa. Hakuna kitu." Akalisema kama mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi. Lakini mgeni hapeleki kiondo mlangoni akageuka, kwa hiyo nikaomba sufuria.

Alikuwa na jiko la gesi na maziwa ya kopo. Nikachemsha chai yetu, maji, majani, maziwa, sukari ya kutosha, nikaiacha ipande mara tatu kama mama alivyonifundisha. Gari lake lilikuwa limeharibika, sukari ilimwishia zamani, alikuwa akinywa kahawa chungu asubuhi na jioni. Alikunywa kikombe cha kwanza amesimama. Cha pili alikaa. Mama Béa akamkatia mkate, akamwuliza juu ya mashimo, nao wakazungumza mambo ya mbao za kuegemeza dari chini ya ardhi kana kwamba wamefanya kazi zamu moja.

Nikamsimulia Dell habari za Susu, si kwa kutaka kitu tena, ila kwa sababu chai inataka mazungumzo. Homa, kitanda, watu kutoka na watu kurudi. Chungu cha maua. Nikamwambia na ya yule mwanakondoo aliyefanana na mbwa.

Dell akaweka kikombe mezani. Akatazama kiondo, akanitazama mimi. "Tangu nianze kazi hii," akasema, "kila anayekuja huondoka na kitu. Chupa. Bawaba. Dirisha zima. Hakuna aliyewahi kuja kuacha." Kisha akasema, "Nimewadanganya."

Akapiga magoti mbele ya kitanda chake akaanza kuvuta. Zilikuwa mbao za makaburi, zimefungwa moja moja kwenye mablanketi ya zamani. Alizing'oa mwenyewe, alisema, baada ya kumkuta mtu akitia moja kwenye buti la gari ili akaitundike sebuleni. Akaweka chuma chenye namba kwenye kila kaburi, na namba hiyohiyo nyuma ya ubao, na kila anayeuliza humwambia ziliibwa. Alilalia wafu wa Tolliver miaka yote hiyo ili wasibebwe.

Alifungua blanketi la nne, la tano. La sita likawa na ubao mfupi. OPAL, miaka minne. Na juu ya jina, masikio yake mawili yamelala, mkia umesimama, mbwa.

Nilipiga vigelegele, wapendwa. Humo humo ndani ya nyumba ya bati. Mbwa wa kweli akaanza kulia, Mama Béa akaanza kuimba, na Dell akabaki ameshika ubao hajui ashike nini kingine.

Alitupeleka mwenyewe. Lilikuwa rundo la tatu kutoka uzioni, nilikuwa nimekwisha kulipigia magoti. Akausimamisha ubao mahali pake, akavua kofia. Nikafungua kifuko cha Susu, nikamwita mtoto kwa jina, nikamwambia dada yako Edna ametuma, hakukuacha, alikuwa mgonjwa. Nikautupa wote, mweusi juu ya ule mchanga mweupe. Kisha nikainama nikaokota konzi ya pale pale nikamtupia mama yangu. Mungu atajua pa kuipeleka. Niliinuka nikiwa mwepesi kuliko nilivyowahi kuwa tangu siku ile ya simu ya msiba kutoka nyumbani.

Mama Béa alipiga picha filamu ikaisha. Ubao ukarudi chini ya kitanda. Nilipotaka kukunja kile kifuko, mkono ukasita. Kwetu ukiletewa kitu, chombo cha mwenyewe hakirudishwi kitupu, hata kama ni cha plastiki. Nikakijaza udongo wa kaburi la Opal.

Arlington tena

Ya njiani kurudi hayana maana, ila tulipita tena ule mkahawa kumwambia yule mama mwenye nywele nyekundu kwamba yuko mtu kule, na hana sukari. Akasema yeye hupita upande ule mara moja kwa mwezi kumwona dada yake, na atapinda njia.

Nilipofika kwa Susu, Walter alikuwepo. Mama yake alikuwa amemwambia nilikokwenda, na uso wake ulionyesha kwamba kazi yangu iko mashakani. Sikubishana naye. Nilikuwa nimesafishisha picha njiani, nikampa ile ya ubao.

Akavaa miwani. Akaitazama muda. "Sielewi," akasema. "Kwa nini wameweka mbwa?"

Kutoka kwenye kiti cha dirishani Susu akaangua kicheko, kisha kicheko kikageuka kilio, akawa anapiga mkono wa kiti. "Ni kondoo, Walter! Ni kondoo!"

Walter akakaa chini taratibu. "Bibi aliniambia hakuna mtoto kama huyo."

"Mama hakuweza kulisema jina lake," Susu akajibu. "Mimi niliweza. Nimekuambia miaka hamsini."

Walter alisogeza kiti chake karibu na cha mama yake, akamwuliza Opal alikuwa mtoto wa namna gani, na nadhani hakuwahi kuuliza kabla. Susu akamwambia alikuwa mkorofi, alikuwa akiwauma watu.

Nikatoa kifuko. Susu alidhani ni udongo wake umerudi, akaanza kuhuzunika, nikamweleza. Akatumbukiza vidole ndani, akavisugua, akavinusa. Nusu akaimimina kwenye chungu cha maua kwa mkono wake mwenyewe, akaipapasa ikakaa. Iliyobaki akafunga, akapitisha vidole juu ya kizibo mara mbili, kama yule mama wa Dulles.

"Hii iweke," akamwambia mwanawe. "Siku yangu ikifika utajua pa kuitupa. Mwikali atakuonyesha inavyofanywa."

Nilidhani Walter atasema tuzungumze mambo mengine. Alisimama, akamwendea mama yake, akainama kidogo, akapokea kwa mikono yote miwili. Na mimi sikuwa nimemfundisha.